Mawimbi yanapobadilika: utatuzi wa matatizo ya kufuatilia shina la ubongo wakati wa upasuaji wa karibu na serebela

Uvimbe uliokaa kwenye serebela (ubongo mdogo wa kisogoni), au pembeni yake pale neva ya saba, ya uso, na ya nane, ya kusikia, zinapochomoza kutoka kwenye shina la ubongo, hutolewa katika nafasi finyu sana, na yanayoguswa humo ndiyo yanayoendesha pumzi, mapigo ya moyo, kumeza na kusikia. Mgonjwa yuko kwenye usingizi wa dawa na hawezi kuambiwa afumbe jicho wala ainue mkono, kwa hiyo mtaalamu wa ufuatiliaji huuliza neva zenyewe kwa sauti na kwa umeme mdogo, kisha husoma majibu yake, yaani mawimbi, kwenye skrini. Wagonjwa wa Tanga wenye matatizo ya namna hii hupewa rufaa kwenda Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), safari ya kilomita kama 350 kwa barabara. Hata hivyo maswali yaliyokusanywa hapa ni ya watu wa huku huku Tanga: wauguzi wa usingizi, mafundi wa vifaa tiba na vijana wanaojifunza kazi hii, ambao hufanyia mazoezi mashine mikononi na masikioni mwao wenyewe kabla ya kuingia thieta. Hitilafu wanazozieleza ni zile zile, na ndizo zilizopangwa hapa kwa dalili.

Jambo moja litangulie. Wimbi likibadilika, chanzo kinaweza kuwa mashine na nyaya, kinaweza kuwa dawa na hali ya mwili, na kinaweza kuwa kazi inayofanyika kwenye jeraha. Wanaojifunza wengi huanza kukagua nyaya kimyakimya, wakiogopa kumsumbua daktari mpasuaji kwa taarifa ambayo huenda ikawa ya uongo. Utaratibu huo haufai. Tamka mabadiliko mara uyaonapo, kisha kagua huku mpasuaji naye akiwa amesimamisha mkono. Akisimama dakika mbili kwa ajili ya waya uliochomoka, hakuna kilichoharibika. Neva iliyovutwa kwa dakika hizo hizo mbili huku wewe ukitafuta waya huenda isirudi. Taarifa iwe fupi na yenye vipimo: «Daktari, sikio la kushoto, wimbi la tano limechelewa milisekunde moja, wimbi la kwanza lipo, kulia hakujabadilika.» Maneno kama «naona kama kuna kitu» hayamsaidii mtu aliyeinamia darubini.

Vipimo vya kulinganishia

Mwitikio wa shina la ubongo kwa sauti, ambao watafiti Jewett na Williston waliupangia namba za Kirumi mwaka 1971, una mawimbi matano makuu ndani ya milisekunde 10 baada ya mlio. Kwa mtu mzima, wimbi la I, linalotoka kwenye neva ya nane karibu na koklea (kiungo cha kusikia katika sikio la ndani), hufika kwenye milisekunde 1.7 hivi, la III, la sehemu ya chini ya ponsi (kipande cha kati cha shina la ubongo), kwenye 3.9, na la V, la sehemu ya juu ya shina la ubongo, kwenye 5.7. Kutoka la I hadi la V ni kama milisekunde 4. Kimo cha wimbi la V mara nyingi hakifiki nusu ya mikrovolti moja, ilhali umeme wa kawaida wa ubongo una makumi ya mikrovolti, na ndiyo sababu mashine hulazimika kuchukua wastani wa milio 1,000 hadi 2,000. Kwa kasi ya milio 11.1 kwa sekunde, milio 1,000 huchukua sekunde 90, maana yake unachokisoma ni hali ya dakika moja na nusu iliyopita.

Ulinganisho ufanywe na mgonjwa mwenyewe, si na kitabu. Chukua rekodi ya msingi baada ya mgonjwa kulazwa, na nyingine baada ya kichwa kufungwa na mkao kukamilika. Wengi hutoa tahadhari pale wimbi la V linapochelewa kwa milisekunde 1 au kupungua kimo kwa nusu ukilinganisha na rekodi hiyo, lakini mwelekeo unaoendelea kuharibika hutamkwa kabla ya kufika huko.

Mawimbi hayakupatikana tangu mwanzo

Mara nyingi tatizo liko sikioni. Tazama kwa otoskopu (kifaa chenye taa cha kutazamia ndani ya sikio), kwa kuwa nta iliyoziba mfereji hufuta sauti, na ni afadhali ionekane wodini siku ya kabla ya upasuaji kuliko kugunduliwa mgonjwa akiwa amekwisha kulala. Kisha hakikisha spika ya kulia imechomekwa upande wa kulia na programu imechagua sikio lile lile. Linalofuata ni ugonjwa wenyewe: mgonjwa mwenye uvimbe wa neva ya nane anaweza kuwa amekwisha kupoteza usikivu wa upande huo, na hakuna mashine itakayoleta wimbi kutoka sikio lisilosikia. Kwa hiyo kipimo cha usikivu kabla ya rufaa kina faida kubwa, na hicho kinaweza kufanywa huku huku kabla ya safari. Upande huo ukiwa umekufa, fuatilia sikio la upande wa pili, ambalo bado hutoa habari za shina la ubongo, na uongeze mwitikio wa mkono (neva yake husisimuliwa kwa umeme na wimbi husomwa hadi ubongoni) na wa misuli ya uso.

Mawimbi yote yakionekana yamechelewa kwa kiasi kilekile, karibu milisekunde 0.9, usitangaze ugonjwa. Sauti inayopita kwenye mrija wa spika ya sikioni hutumia muda huo kusafiri hewani, na programu nyingine hazikati muda huo zenyewe.

Mawimbi yote yamepotea ghafla, pamoja na la kwanza

Kama wimbi la I limeondoka pamoja na mengine, sauti haifiki au koklea haifanyi kazi. Chanzo cha kawaida kuliko vyote ni mrija uliokunjwa chini ya shuka za upasuaji au kizibo cha sponji kilichochomoka. Kizibo huwekwa hivi: kifinye kwa vidole mpaka kiwe chembamba, vuta sikio la mtu mzima juu na nyuma, kiingize, kishike mpaka kivimbe chenyewe, kisha funika mdomo wa sikio kwa plasta isiyopitisha maji. Ukiruka hatua hiyo ya mwisho, dawa ya kusafishia ngozi au damu itaingia na kuziba mrija, na baada ya shuka kutandikwa hutaweza kufika hapo bila kuharibu usafi wa jeraha.

Cha pili ni drili. Wakati mfupa unachimbwa, kelele yake hupita kwenye fuvu na kuufunika mlio wako, na mawimbi huvurugika au kufutika kwa muda wote wa kuchimba. Simamisha ukusanyaji, subiri drili inyamaze, anza wastani mpya. Usichanganye milio ya wakati wa drili na ya baada yake, maana wastani wa namna hiyo haukupi jibu la hali yoyote kati ya hizo mbili.

Mrija ukiwa mzima, mlio ukisikika, drili ikiwa kimya, na bado wimbi la I halipo, hilo ni la hatari. Ateri ndogo inayolisha koklea huenda imebanwa, imekaza au imekatika. Mpasuaji aambiwe kwa maneno hayo hayo. Wengine huondoa kifaa cha kuvutia, wengine hudondoshea dawa ya kulegeza mshipa. Kazi yako ni kuendelea kurekodi na kusema kama wimbi linarudi.

Wimbi la kwanza lipo, la tano linachelewa au linafifia

Hii ndiyo dalili iliyo na habari nyingi kuliko zote, na ndiyo inayostahili kusomwa polepole. Wimbi la I likisimama mahali pake, sauti inafika na koklea ni nzima; unachotafuta kiko mbele zaidi kwenye njia.

Anza na nafasi kati ya wimbi la I na la III. Ikirefuka hiyo, huku nafasi ya III hadi V ikibaki ilivyokuwa, neva ya nane inavutwa. Chanzo kinachoongoza ni kifaa kinachoshikilia serebela pembeni: kadiri serebela inavyosogezwa, ndivyo neva inavyonyooshwa kati ya shina la ubongo na tundu lake kwenye mfupa. Mwulize mpasuaji kama amesogeza kifaa hicho dakika chache zilizopita, ukikumbuka kwamba skrini yako huonyesha kwa kuchelewa yale ambayo mkono wake umekwisha kufanya. Mara nyingi kulegeza kifaa kunatosha, na wimbi huanza kurudi. Lisiporudi mara moja usishangae. Neva iliyonyooshwa hupona polepole, na uamuzi wa kuendelea au kusubiri ni wa mpasuaji.

Nafasi ya III hadi V ikirefuka, jambo limeingia ndani ya shina la ubongo lenyewe: mgandamizo, uvimbe wa maji, au damu isiyofika. Hapo kusogeza kifaa pekee huenda kusitoshe. Daktari wa usingizi naye ahusishwe papo hapo aangalie shinikizo la damu, kwa kuwa tishu iliyobanwa na kunyimwa damu kwa wakati mmoja huharibika upesi. Ukiona nafasi hii inarefuka, acha marekebisho yoyote ya kichujio na vipimo vya mashine. Kubadilisha kichujio katikati ya tukio hubadilisha muda wa wimbi na kukuondolea ulinganisho.

Kuna chanzo kingine kinachosahaulika, nacho ni maji ya kuoshea jeraha. Maji ya chumvi yaliyokaa kwenye chumba chenye kiyoyozi huwa baridi kuliko mwili, na yakimiminwa juu ya neva wimbi huchelewa kwa muda kisha hurudi. Mwili kwa jumla ukipoa, nafasi ya I hadi V hurefuka kwa karibu milisekunde 0.2 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi inayopungua. Ndiyo maana joto la mgonjwa liandikwe kando ya kila rekodi. Masikio yote mawili yakichelewa taratibu kwa kiasi kinachofanana, tazama kipimajoto kabla ya kutazama jeraha. Upande mmoja pekee ukibadilika, usiusingizie ubaridi wa mwili mzima. Dawa za usingizi za kuvuta huusogeza mwitikio huu wa sauti kidogo tu, kwa hiyo hazitoshi kueleza mabadiliko makubwa ya ghafla.

Skrini imejaa makelele

Malalamiko haya ndiyo mengi zaidi kutoka kwa watu wa pwani, na sababu si ngumu. Hewa ya bahari hula viunganishi. Chomoa elektrodi iliyokaa kabatini miezi kadhaa, igeuze kwenye mwanga, na utaona kutu ya kijani kwenye shina la pini. Ukinzani wake hupanda hata kama jeli imepakwa vizuri na ngozi imesuguliwa. Pima ukinzani wa kila elektrodi: uwe chini ya kilo-omu 5, na zile zinazooanishwa zikaribiane. Badilisha yenye kutu badala ya kuikwangua. Zihifadhi kwenye kopo linalofunga pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu.

Baada ya elektrodi, tazama nyaya. Zisokotwe pamoja, zipitishwe mbali na waya wa meza ya upasuaji, wa kifaa cha kumpashia mgonjwa joto na wa pampu za dripu. Zima kifaa kimoja kimoja, kwa idhini ya daktari wa usingizi kila mara, mpaka kelele ya Hz 50, yaani ya umeme wa ukutani, ipungue. Kasi ya milio isiwe namba inayogawanya 50 bila baki. Ukiweka 10 kamili, kelele ya umeme hujipanga sawasawa na milio yako na wastani hauifuti, na ndiyo maana ya ile desimali katika 11.1. Kisu cha umeme kinapotumika hakuna cha kufanya ila kusimamisha ukusanyaji.

Kisha kuna soketi. Ile desturi ya mitaani ya kufungua tundu la erthi kwa kijiti ili plagi ya pini mbili iingie, au kukata pini ya erthi ya ekstensheni, isikaribie chumba cha upasuaji. Usijaribu kuondoa kelele kwa kumuunganisha mgonjwa na erthi ya pili kutoka mashine nyingine, kwa sababu umeme unaovuja unaweza kupita mwilini mwake kati ya erthi hizo. Kelele ikibaki baada ya elektrodi na nyaya kukaguliwa, au ukihisi mshtuko hata mdogo kwenye bodi ya mashine, acha kuitumia na mwite mhandisi wa vifaa tiba. Ngozi ikionekana nyekundu au imeungua penye elektrodi, bati la kisu cha umeme pajani au mgongoni huenda limebanduka na mkondo unatafuta njia ya kutokea kwenye elektrodi zako: mpasuaji aache kukitumia hapo hapo.

Mwitikio wa mkono au mguu umeshuka

Hapa dawa ya usingizi huja kwanza. Wimbi la gamba la ubongo linalofika milisekunde 20 hivi baada ya kusisimua neva ya kifundo cha mkono hupungua sana dawa za kuvuta zinapoongezwa, ilhali wimbi la chini, la shingoni na kwenye shina la ubongo, huzivumilia. Kwa hiyo la juu likishuka pande zote mbili na la chini likabaki, zungumza na daktari wa usingizi kuhusu dozi na kuhusu shinikizo la damu. Mkono mmoja ukipoteza mawimbi yote, hata lile la juu ya mtulinga, tatizo liko mkononi: elektrodi imechomoka, au bega limevutwa kwa plasta, au mgonjwa aliyelazwa ubavu ameulalia mkono wake. Upande mmoja ukipungua kwa nusu au kuchelewa kwa asilimia 10 huku dawa na mkao vikiwa sawa, hilo ni la mpasuaji.

Misuli ya uso haijibu, au haitulii

Ufuatiliaji wa neva ya saba kwa kurekodi umeme wa misuli ya uso ulielezwa na Delgado na wenzake mwaka 1979, na bado ndio msaada mkubwa wa kuuokoa uso; hapa hufanywa kwa sindano ndogo kwenye misuli ya jicho na mdomo. Neva ikisisimuliwa na misuli ikakaa kimya, uliza kwanza kuhusu dawa ya kulegeza misuli. Muuguzi wa usingizi apime kwa mipigo minne ya umeme kifundoni. Isipojibu yote minne, ukimya wa uso hauna maana yoyote. Dawa hiyo ikiwa imekwisha nguvu mwilini, gonga shavu kwa kidole juu ya sindano: mstari usiporuka, sindano imetoka au imechomekwa njia isiyo yake. Kisha tazama kama jeraha limejaa maji, kwani mkondo hupitia majini na kuikwepa neva. Saksheni kidogo hutatua. Ongeza mkondo hatua kwa hatua kuanzia miliampea 0.05, na kwa kutafuta neva isiyoonekana wengi huanza na 0.5. Vyote vikiwa sawa na misuli bado haijibu mahali ilipojibu mwanzoni, neva imeumia kati ya mahali palipoguswa na uso.

Kelele ya ghafla ya misuli, fupi, huonyesha neva imeguswa. Mfululizo mrefu wa mlio mkali wa kasi, unaoendelea hata chombo kikiondolewa, unaashiria madhara na unahitaji kusimama. Kama umeanza mara maji yalipomiminwa, jaribu maji ya joto la mwili kwanza.

Msisimko wa umeme juu ya kichwa kwa ajili ya njia za mwendo una masharti yake: vizuizi laini vya meno pande zote mbili ili ulimi usikatwe, mpasuaji kuambiwa kabla ya kila msisimko kwa kuwa mwili hutikisika, na kutofanyika kwa mwenye kifaa cha umeme mwilini bila idhini ya madaktari. Anayejifunza asiubonyeze akiwa peke yake.

Mapigo ya moyo au pumzi vimebadilika

Haya hayamo kwenye skrini yako bali kwenye monita ya usingizi, na hutangulia mawimbi kwa sababu hayahitaji wastani. Moyo ukipungua kasi ghafla wakati neva ya tano (ya hisia za uso), ya kumi (ya koo na moyo) au sakafu ya ventrikali ya nne (chumba cha maji nyuma ya shina la ubongo) inaguswa, kwa kawaida ni mwitikio wa neva hizo, na dawa ya kwanza ni mkono kutoka. Moyo hurudi wenyewe mara nyingi. Usiporudi, daktari wa usingizi ana atropini. Shinikizo la damu likipanda huku moyo ukipungua, fikirini mgandamizo wa shina la ubongo.

Mgonjwa aliyeketishwa ana hatari nyingine: hewa kuingia kwenye vena zilizo wazi. Kaboni dioksidi ya pumzi inayotoka hushuka ghafla, kisha shinikizo la damu. Jeraha hujazwa maji, kichwa hushushwa, oksijeni hupandishwa hadi asilimia 100, gesi ya nitrasi oksidi hufungwa. Wakati huo mtaalamu wa ufuatiliaji haulizi wala haelezi mawimbi. Anaacha njia wazi na kuandika saa.

Kukabidhi mgonjwa

Mawimbi mazuri ya sauti na ya mkono hayathibitishi kwamba shina lote ni salama, kwa sababu njia hizo hupita sehemu chache tu, na neva za kumeza haziko humo. Kama kelele za misuli ya koo, nyuzi za sauti au ulimi zilirudiarudia, au mwitikio wake ukapotea, liandikwe kwenye karatasi ya makabidhiano kwa herufi zinazosomeka na lisemwe kwa mdomo kwa sista wa chumba cha uangalizi maalumu: mpira wa kupumulia usiondolewe kwa haraka, kikohozi na kumeza vipimwe kwanza, na mgonjwa asipewe uji wala maji mdomoni mpaka daktari aruhusu. Taarifa hiyo hiyo ifuatane na mgonjwa atakaporudi Tanga, kwa kuwa watakaomlisha nyumbani na kliniki itakayomwona hawakuwapo thieta.